Viza inauliza swali gani? Ufafanuzi kwa anayeomba akiwa Dodoma

Tangu Desemba 2025, Marekani ilipoiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamewekewa vizuizi vya kuingia huko, habari za viza zimechanganyika sana hapa mjini. Vijiweni Majengo, kwenye daladala za UDOM, hata stationari watu wanakokwenda kujaziwa fomu, utasikia kwamba balozi zimefunga, kwamba Ulaya nayo imefuata, kwamba siku hizi bila milioni ishirini benki usijisumbue. Wengine wanaambiwa kinyume chake: yupo wakala mjini, ukimpa chake viza ni uhakika. Katikati ya maneno hayo yupo kijana mwenye barua ya chuo mkononi, na yupo mama ambaye binti yake anakaribia kujifungua Ujerumani, na wote wawili hawajui waanzie wapi. Makala haya ni kwa ajili yao.

Pasipoti unapewa na nchi yako. Ndiyo inayosema wewe ni nani na ni raia wa wapi. Kwa Mtanzania, pasipoti ya kielektroniki ilianza kutolewa mwaka 2018, ada yake ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Maombi yanajazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, kisha unapeleka nyaraka zako ofisini. Mkazi wa Dodoma anaimaliza kazi hii hapahapa. Viza ni jambo jingine, maana hiyo inatolewa na nchi unayokwenda, kwa sheria zake, na hakuna ofisi ya Tanzania inayoweza kukupa wala kukuombea. Halafu kuna kibali cha ukaazi, ambacho nchi nyingi humpa mtu akishafika, kama anakwenda kuishi muda mrefu kwa masomo au kazi. China, kwa mfano, mwanafunzi anayeingia kwa viza ya X1 anatakiwa kuomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 30 baada ya kuingia. Wapo wanaodhani wakishagongewa viza wamemaliza kila kitu, kumbe saa ya hizo siku 30 inaanza kuhesabu wakiwa bado wanatafuta bweni.

Mchukue mtu anayekwenda kumwona ofisa wa wizara kule Mji wa Serikali, Mtumba. Kitambulisho chake cha NIDA kinamtambulisha. Miadi yake inaonyesha kwamba anatarajiwa, siku fulani, kwa shughuli fulani. Hata hivyo mlinzi wa getini ana haki ya kumuuliza anakwenda kwa nani, na majibu yasipolingana na miadi anaweza kumzuia. Pasipoti ni kile kitambulisho, viza ni ile miadi, na ofisa wa uhamiaji wa uwanja wa ndege wa huko uendako ni yule mlinzi. Kwa hiyo viza haikuhakikishii kuingia. Ukifika Frankfurt au Heathrow utaulizwa tena, na ni vizuri karatasi zilezile ulizoombea viza ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi lililopakiwa chini.

Safari nyingine hazihitaji viza kabisa. Ndani ya Afrika Mashariki, Mtanzania anaingia Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi bila viza, na hata Afrika Kusini anaruhusiwa kutembelea bila viza hadi siku 90. Nchi zimekubaliana hivyo. Lakini kuruhusiwa kutembelea bila viza si kuruhusiwa kufanya kazi, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa.

Swali lililo nyuma ya fomu

Fomu za viza zina kurasa nyingi, na wingi huo unaficha jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mambo yote haya: kila aina ya viza ina swali lake moja kubwa, na waombaji wengi hunyimwa kwa sababu wamelijibu swali la viza nyingine.

Viza ya matembezi inauliza: utarudi? Hayo mengine yote, hoteli, tiketi, mwaliko, yanazunguka hapo. Sheria ya Marekani imeandika waziwazi, katika kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952, kwamba mwombaji anahesabiwa kuwa ana nia ya kuhamia mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Ofisa hana kazi ya kuthibitisha kwamba utabaki. Wewe ndiye wa kuthibitisha kwamba utarudi. Kwa mtazamo wetu hili linaonekana kama tusi, na wengi wanatoka dirishani wakisema wamedharauliwa. Naelewa uchungu huo. Lakini ukijua kwamba ndivyo sheria inavyoanza, unaacha kupeleka picha za harusi ya binamu na badala yake unapeleka barua ya mwajiri inayotaja cheo chako, mshahara wako, likizo yako inaanza lini na unatakiwa kazini tarehe gani. Mtumishi wa umma, ambao ndio wengi katika mji wetu huu, aongeze na kibali chake cha kusafiri nje.

Viza ya masomo inauliza: masomo haya ni ya kweli, na nani analipa? Uingereza inataka namba ya udhamini inayotolewa na chuo chenyewe, na fedha za ada na za kujikimu ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Zikishuka hata siku moja, hesabu inavunjika. Canada, kuanzia Septemba 2025, inamtaka mwanafunzi asiye na familia anayekwenda nje ya jimbo la Quebec aonyeshe dola za Canada 22,895 za kujikimu kwa mwaka, mbali na ada na nauli. China inataka barua ya udahili pamoja na fomu ya JW201 kwa wenye ufadhili wa serikali au JW202 kwa wengi wanaojilipia. Mwanafunzi anayepeleka hati ya shamba la baba huko Kondoa bila kuonyesha fedha za ada hajajibu lililoulizwa, hata kama shamba ni ekari mia.

Viza ya kazi inauliza: mwajiri wako ni nani, na amepewa ruhusa ya kukuajiri? Karibu nchi zote, safari hii inaanzia kwa mwajiri. Yeye ndiye anayeomba kibali kwa serikali yake, halafu wewe unaomba viza kwa kutumia kibali hicho. Kama mwajiri hajulikani jina wala anwani, hakuna viza ya kazi hapo.

Ipo pia viza ya matibabu, ambayo Watanzania wengi huiombea India. Hiyo haihitaji maelezo marefu: barua ya hospitali itakayokupokea na ripoti ya daktari wako ndivyo vinavyobeba ombi, na maombi yenyewe yanaweza kufanyika kwa intaneti, pamoja na ya anayemsindikiza mgonjwa.

Fedha za benki zinasomwaje

Hapa ndipo penye upotoshaji mwingi kuliko pote. Watu wanaambiana kiwango: milioni kumi, milioni ishirini. Kisha inaanza kazi ya kukopa kwa shemeji na kwa kikundi ili akaunti inone wiki moja kabla ya maombi.

Chukua mfanyabiashara wa mahindi wa soko la Kibaigwa anayetaka kwenda Guangzhou au Italia kuangalia mashine za kukoboa. Ana mali. Ana maghala, ana fuso, ana watu anaowadai. Ila fedha yake haikai benki, inazunguka mkononi na kwenye simu, inageuka magunia, inarudi tena kuwa fedha. Akaunti yake ina laki tatu. Akiona hivyo anaazima milioni 15, anaziingiza Jumatatu, Ijumaa anachukua stetimenti na kuiambatanisha. Ofisa anayeisoma hatazami mstari wa mwisho tu, anatazama miezi mitatu au sita iliyotangulia. Anaona akaunti iliyolala, kisha mlima wa fedha usio na chanzo. Swali la kwanza linalomjia ni fedha ya nani hii. Mfanyabiashara wa kweli, mwenye uwezo wa kweli, amejifananisha na mtu anayeficha jambo.

Angefanya nini? Angepitisha mauzo yake benki kwa miezi kadhaa kabla ya kuomba, hata kama kesho yake anazitoa kununua mzigo, maana mzunguko nao ni ushahidi. Angeambatanisha leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, uthibitisho wa kodi kutoka TRA na stakabadhi za ushuru wa mazao. Stetimenti ya miamala ya simu nayo inasaidia kama inaonyesha biashara. Na angeandika barua ya ukurasa mmoja inayoeleza biashara yake inavyokwenda: msimu wa kununua, msimu wa kuuza, kwa nini mwezi wa pili akaunti ni nyembamba na mwezi wa nane imejaa. Ofisa aliyekaa ofisini Dar es Salaam, Nairobi au Ulaya hajawahi kufika Kibaigwa. Asipoelezwa, atahukumu kwa anachokiona.

Kuhusu kiasi, kanuni inayoeleweka ni kwamba fedha zilingane na safari na zilingane na maisha yako. Mtu wa mshahara wa laki nane anayesema anakwenda Ulaya miezi mitatu kwa fedha zake mwenyewe amejiwekea mzigo mkubwa wa kueleza. Mtu huyohuyo akiomba siku 10, anafikia kwa dada yake, na dada ameandika kwamba atamgharamia malazi, hadithi inashikamana.

Kutoka Dodoma hadi dirishani

Dodoma ni makao makuu ya nchi kisheria tangu 2018, lakini balozi nyingi za nchi zinazotafutwa na waombaji bado zinafanyia kazi Dar es Salaam. Mtu unajaza fomu ukiwa Area C, unalipa, unapanga siku ya miadi, halafu unasafiri kwenda kutoa alama za vidole na kupigwa picha. Treni ya SGR, iliyoanza kati ya miji hii miwili mwaka 2024, imerahisisha sana, maana basi lilikula siku nzima. Hata hivyo nashauri ulale Dar usiku wa kuamkia miadi. Miadi ya asubuhi haisubiri treni, na ukiikosa huenda nafasi nyingine ikawa wiki kadhaa mbele.

Nchi nyingi hazipokei maombi ubalozini moja kwa moja. Zimekabidhi kazi hiyo kwa kampuni kama VFS Global, ambayo inapokea karatasi, inachukua alama za vidole na kutoza ada yake ya huduma. Watumishi wa kituo hawaamui lolote. Yule dada wa dirishani akikuambia karatasi fulani haipo, hajakunyima viza, anatimiza orodha aliyopewa. Uamuzi unafanywa na maofisa wa nchi husika. Hii ndiyo sababu fununu kwamba fulani ana ndugu pale kituoni hazina maana yoyote.

Picha pia zinawarudisha watu. Picha ndogo za studio zetu nyingi zina mandhari ya bluu. Marekani wanataka mandhari meupe na picha ya mraba, nchi za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, wanataka milimita 35 kwa 45. Mwambie mpiga picha kabla hajakaa sawa na kamera.

Tuitazame Schengen yenyewe kidogo, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa mno. Ni nchi 29 za Ulaya zinazotumia viza moja ya matembezi mafupi. Uingereza haimo, Ireland haimo. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, mtoto wa miaka 6 hadi 11 hulipiwa nusu, aliye chini ya hapo halipi, na fedha hairudishwi ukinyimwa. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15 ila linaweza kufika siku 45, kwa hiyo yule mama mwenye binti Ujerumani asisubiri mimba iingie mwezi wa tisa. Bima ya safari lazima igharamie angalau yuro 30,000.

Ukishaipata, isome. Stika ya Schengen ina tarehe ya kuanza na ya mwisho, na pembeni ina idadi ya siku. Inaweza kusema kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Julai, siku 20. Wengi wanaona Julai 15 wanadhani wana mwezi mmoja na nusu. Hapana. Wana siku 20 zitakazotumika popote ndani ya tarehe hizo, na ya ishirini na moja ni kosa linaloandikwa kwenye kumbukumbu zao. Marekani ina mtindo tofauti: tarehe ya viza ni mwisho wa kuitumia kuomba kuingia, na muda wa kukaa unapangwa na ofisa ukifika mpakani.

Marekani imefunga?

Si kwa kila mtu. Tangazo la Rais wa Marekani la Desemba 2025, lililoanza kutumika 1 Januari 2026, limeiweka Tanzania kwenye kundi la vizuizi vya sehemu. Limesimamisha viza za wahamiaji, na pia viza za matembezi na biashara za B na za masomo na mabadilishano za F, M na J, kwa waliokuwa nje ya Marekani bila viza halali siku lilipoanza. Viza zilizokwisha kutolewa kabla ya hapo hazikufutwa na tangazo hilo. Viza nyingine zisizo za wahamiaji hazikusimamishwa, ingawa maofisa wameagizwa kupunguza muda wake wa kutumika. Ulaya, Canada, Uingereza na China hazikuhusika kabisa, kwa kuwa kila nchi ina sheria yake.

Kabla ya tangazo hilo, Oktoba 2025, Marekani ilikuwa imeiweka Tanzania pia kwenye mpango wa dhamana: mwombaji wa viza ya B aliyekubalika angeweza kutakiwa kuweka dola 5,000, 10,000 au 15,000, zinazorudishwa akitimiza masharti na kuondoka kwa wakati. Fedha hiyo inalipwa kwenye mfumo wa serikali ya Marekani pekee, na baada ya ofisa kukuelekeza. Mtu yeyote anayekudai dhamana ya viza kabla hujafanyiwa usaili, iwe kwa simu au kwa mkono, anakuibia. Masharti ya namna hii huandikwa na kuondolewa kwa tangazo jingine, kwa hiyo tazama tovuti ya ubalozi wiki ileile unayotaka kulipa.

Wakala, mwaliko na karatasi za kughushi

Barua ya mwaliko inathibitisha kwamba kuna mtu anakusubiri na labda atakulaza. Haithibitishi kwamba utarudi. Ndiyo maana mtu mwenye mwaliko wa heshima, hata wa kanisa au wa chuo, ananyimwa, na mtu asiye na mwaliko ila ana kazi, ratiba na hoteli anapewa.

Wakala anayejaza fomu vizuri na kukukumbusha karatasi anafanya kazi halali, mlipe. Anayeahidi matokeo anauza kitu kisicho chake. Na upande wa kazi za Ghuba, Oman, Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu, naomba wazazi wasikilize kwa makini. Binti anayepelekwa kwa viza ya matembezi akiambiwa atabadilishiwa akifika, siku ya kwanza ya kazi yake tayari amevunja sheria, na mwajiri anajua hilo, na atalitumia dhidi yake akidai mshahara. Anayepeleka watu kazini nje lazima awe na leseni ya serikali. Wizara inayoshughulikia kazi na ajira ipo hapahapa Dodoma, na kuuliza kama wakala fulani amesajiliwa ni haki ya kila mtu. Taka mkataba ulioandikwa jina la mwajiri, mshahara na saa za kazi kabla pasipoti haijatoka mkononi mwako.

Kuhusu karatasi za kughushi, watu hawajui uzito wa adhabu. Kunyimwa viza ya kawaida hakukufungii mlango. Udanganyifu ndio unaofunga. Uingereza inaweza kukuzuia miaka 10 kwa nyaraka za uongo kwenye maombi. Canada ni miaka 5. Marekani, uongo juu ya jambo la msingi unaweza kukufungia maisha. Na haijalishi kwamba stetimenti ile ya kughushi ilitengenezwa na wakala bila wewe kuisoma vizuri, kwa sababu sahihi kwenye fomu ni yako.

Ukinyimwa, omba upewe barua na uisome yote. Nchi za Schengen zinatumia fomu yenye sababu zilizowekewa alama, na inaeleza jinsi ya kukata rufaa na muda wake. Kwa matembezi ya Uingereza kwa kawaida hakuna rufaa ila barua inaeleza sababu kwa maneno, na unaweza kuomba upya. Marekani, aliyekataliwa kwa 214(b) hapangiwi muda wa kusubiri, ila atalipa ada nyingine kwa aina ya viza iliyo wazi, na kama hali yake ni ileile jibu huwa lilelile. Sababu ikiwa ni fedha zisizo na chanzo, usirudi na mwaliko mzito zaidi. Rudi na chanzo.

Na maombi yanayofuata, ya nchi yoyote, yatakuuliza kama umewahi kunyimwa viza. Usiruke swali hilo kwa hofu, maana nchi kadhaa hubadilishana taarifa hizi. Jibu ndiyo, taja nchi na mwaka, na eleza kwa sentensi mbili kipi kimebadilika tangu hapo.